Kadi ya Grafiksi Hainunuliwi Baadaye

Kijana mwenye laptopu akitaka kucheza gemu nzito, swali lake huwa moja: naweza kutoa kadi ya grafiksi iliyomo nikaweka kubwa zaidi? Kwa laptopu nyingi zinazofika Laela jibu ni hapana, na fundi anayesema inawezekana kabla hajauliza modeli ya mashine anakupotezea muda. Zipo chache, hata hivyo, ambazo kadi yake hutoka na nyingine ikaingia. Hizo ndizo za kuchambua, maana ugumu wake hauko pale watu wanapoudhania.

Kwanza hizo nyingi. Laela iko kwenye lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, yapata kilomita 95 kabla ya Sumbawanga mjini, na ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Wapo walimu, watumishi wa halmashauri, wanafunzi wa vyuo wanaorudi likizo, na mashine za mtumba wanazobeba ni zilezile unazozikuta Mbeya au Kariakoo: HP EliteBook 840, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni kompyuta za ofisi. Nyingi kati yake hazina kadi ya grafiksi kabisa. Picha huchorwa na sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa ya Intel, nayo haina memori yake mwenyewe, inaazima RAM. Hapo hakuna cha kung'oa.

Zinazofuata ni laptopu zenye chipu ya NVIDIA au AMD iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye madabodi. Lehemu yenyewe ni vishanga vidogo vingi vilivyojificha chini ya chipu. Fundi mwenye mashine nzuri ya hewa moto anaweza kuitoa chipu iliyokufa na kuweka nyingine ya namba ileile. Hayo ni matengenezo. Kuweka chipu ya kizazi kingine ni habari tofauti, kwa kuwa mpangilio wa vishanga, njia za umeme na memori zilizoizunguka vilichorwa kwa ajili ya hiyo moja.

Zinazobadilika kweli zilitokana na wazo la mwaka 2004. NVIDIA ilileta muundo ulioitwa MXM: kadi ndogo inayochomekwa kwenye tundu ndani ya laptopu na kukazwa kwa skrubu, karibu kama unavyochomeka RAM. Muundo huo ulidumu zaidi kwenye laptopu nzito za wahandisi na wachoraji wa ramani kuliko kwenye za gemu. Kwa mtumba, majina ya kukumbuka ni HP EliteBook 8570w ya mwaka 2012, HP ZBook 15 ya kwanza na Dell Precision M4800, zote mbili za 2013. Ukikutana na M4800 utaitambua kwa uzito tu. Inakaribia kilo 3.

Tuichukue hiyo M4800, maana ni mfano mzuri. Ilitoka kiwandani ikiwa na kadi tofauti kulingana na pesa ya mnunuzi. Ya chini zaidi ya upande wa NVIDIA ilikuwa Quadro K1100M, yenye viini 384 vya kuchakata picha. Juu yake ipo K2100M, yenye viini 576. Kwa kuwa Dell yenyewe iliziuza zote mbili ndani ya modeli hiyohiyo, baiosi inazitambua na mashimo ya skrubu yanalingana. Kazi ya fundi ni kutoa betri, kufungua kifuniko cha chini, kulegeza hitisinki, kuvuta kadi, kufuta pesti kuukuu na kupaka mpya, kisha kurudisha vile vipande laini vinavyokaa juu ya memori. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vipande hivyo vikisahauliwa, au vikiwekwa vinene kupita kiasi hadi hitisinki isiguse chipu, kadi nzima itaiva ndani ya dakika chache za gemu.

Ukitoka nje ya orodha ya kiwanda, mambo hubadilika. Kadi iliyong'olewa kwenye HP huja na programu yake ya ndani iliyoandikwa kwa ajili ya HP, na ndani ya Dell huenda ikawaka bila picha. Hata ikitoa picha, draiva inaweza kugoma kujisakinisha kwa sababu kadi hiyo haikuorodheshwa kwa laptopu hiyo, ikabidi faili za draiva zihaririwe kwa mkono. Feni nazo huweza kushindwa kusoma joto la kadi ngeni. Kadi za ukubwa wa MXM-A, milimita 82 kwa 70, zilipangiwa umeme usiozidi wati 55 hivi, kwa hiyo usitegemee muujiza.

Umeme wenyewe ndio sehemu ninayoona inapuuzwa kuliko zote. Chaja ya M4800 ni ya wati 180. Tundu lake ni lilelile la chaja ya Latitude ya wati 65 au 90, na katika mji ambako chaja huazimana, mtu atachomeka yoyote inayoingia. Mashine haitakataa. Itaonya, kisha itapunguza kasi ya prosesa, na mwenye nayo ataondoka akiamini ameuziwa kadi mbovu. Kucheza kwa betri nako kuna kasoro hiyohiyo, nalo si jambo dogo katika mkoa ambao kwa miaka mingi umelishwa umeme kutoka Zambia kupitia Mbala na unaojua vizuri maana ya kukatika.

Ubaridi wa nyanda za juu za Ufipa, ilipo Laela, unasaidia kidogo. Hewa ya mwinuko ni nyepesi, hivyo feni inasukuma hewa pungufu kuliko ingesukuma Dar es Salaam, lakini usiku wa Juni au Julai hulipa deni hilo na chenji inabaki. Adui ni vumbi la kiangazi. Feni isiyosafishwa hufuta faida yote ya kadi mpya.

Sasa hesabu. Hata ukifanikiwa kuhama kutoka K1100M kwenda K2100M, umebaki katika ukoo wa Kepler, ambao NVIDIA iliacha kuutolea draiva mpya za gemu mwaka 2021. PES 2017 itacheza vizuri. GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015 na inayotaka angalau memori ya grafiksi ya GB 1, itacheza kwa mipangilio ya chini na ya kati. Gemu za miaka ya karibuni, sahau. Umelipia kadi, fundi na nauli ili usogee hatua moja.

Wapo watakaokuambia uweke kadi ya nje. Mashine zenye Thunderbolt 3, kama EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480, zinaweza kuendesha kadi ya kompyuta ya mezani kwa waya mmoja unaopitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri zaidi ukiongeza monita ya nje. Ila hesabu ulivyonunua: kadi, kasha lake, pawasaplai, monita. Hiyo ni kompyuta ya mezani iliyonunuliwa vipandevipande kwa bei ya juu.

Hata watengenezaji wengi hawajalitatua hili. Mwaka 2019 Dell ilitoa Alienware Area-51m ikiitangaza kuwa grafiksi yake ingebadilika. Mwaka 2021 baadhi ya wanunuzi walikwenda mahakamani Marekani wakidai kwamba kadi za kizazi kilichofuata hazikuingia kwenye mashine zao. Framework Laptop 16, iliyoanza kufikia wateja mwaka 2024 na Radeon RX 7700S, ndiyo iliyotimiza ahadi: mwaka 2025 ilipata moduli ya RTX 5070 inayoingia kwenye laptopu ileile. Si mashine utakayoikuta dukani Sumbawanga.

Kwa mwenye EliteBook ya kawaida, pesa ndogo yenye faida ni ya RAM. Kama kuna kipande kimoja cha DDR4-2133, grafiksi ya Intel inagombania njia moja ya GB 17 kwa sekunde. Ongeza cha pili cha aina hiyo na njia zinakuwa mbili. Gemu iliyokuwa ikikwamakwama huanza kuchezeka. Kwa anayetaka gemu hasa na ana mahali pa kuweka meza, ningesema anunue kompyuta ya mezani ya mtumba, ile ya mnara, na GTX 1050 Ti ya wati 75 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme.

Na kama bado ni laptopu, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aiwashe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama palipoandikwa GPU. Ukikuta Intel peke yake, usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kukuongezea kadi ndani.