Orodha za Koo: Israeli na Kwetu Bwisha

Watu wengi wakifungua kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, wanaruka sura 9 za mwanzo. Ni majina tu, fulani akazaa fulani. Lakini sisi wa Kivu tungepaswa kuzisoma mbele ya wengine wote, juu hapa kwetu mtu anaulizwa baba yake ni nani mbele ya kuulizwa anafanya kazi gani.

Mpango wenyewe tunaujua. Katika Yoshua sura 7, Akani alipotafutwa, walianza na kabila, kisha ukoo, kisha nyumba, mwisho mtu mmoja. Mzee wa Bwisha anaelewa bila mwalimu: ubwoko, umuryango, inzu.

Lakini soma polepole, ndugu msomaji, utaona orodha hizi zinatembea. Tunasema makabila 12, ila ni yapi? Baraka za Musa, Kumbukumbu la Torati 33, hazimtaji Simeoni. Wimbo wa Debora, Waamuzi 5, haumtaji Yuda, lakini unamtaja Makiri na Gileadi. Lawi akiondolewa kwenye hesabu, Yosefu anagawanywa kuwa Efraimu na Manase, na 12 inabaki 12. Tena baba yake Samweli katika kitabu cha Samweli ni mtu wa Efraimu. Katika Mambo ya Nyakati sura 6 amekwisha kuingia kwa Walawi. Ni kwa sababu gani? Samweli alihudumu hekaluni, na wakati kitabu hiki kinaandikwa, kazi hiyo ilikuwa ya Walawi. Kazi ilimtafutia ukoo.

Mwandishi huyo ana upande wake. Yuda, kabila la Daudi, anapewa karibu sura 3. Lawi anapewa sura nzima. Naftali anapata mstari mmoja, na Zebuloni hana ukoo ulioandikwa. Aliandika kisha watu kurudi toka Babeli, wakati Hekalu na nyumba ya Daudi ndivyo vilibaki tumaini. Simlaumu. Ila tusisome orodha yake sawa vile daftari ya état civil. Ni hoja, inasema nani ni wetu na kila mmoja ana kazi gani.

Tuje kwetu. Abasinga, Abazigaba na Abagesera tunao Bwisha, na wako Rwanda vilevile. Mwaka 1971 Marcel d'Hertefelt alitoa buku juu ya koo za Rwanda ya zamani, akaonyesha kwamba katika ukoo mmoja unakuta Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Basi babu mmoja wa damu yuko wapi? Ukoo ulikuwa nyumba yenye mlango: watu waliingia kwa ubuhake, kwa ndoa, kwa kunywana damu, kisha wajukuu wakasema ni babu mmoja. Ndivyo Israeli walivyofanya pia.

Na kuna jambo lingine ambalo wengi wanalisahau. Koo hizo 3 zinaitwa abasangwabutaka, ni kusema waliokutwa kwenye udongo. Lakini kazi ya huyo wa kwanza ilikuwa nini? Mtu wa ukoo mwingine akitaka kujenga boma jipya, alimwita umuse kutoka kwao aje kubariki mahali. Aliyetangulia alikuwa na deni la kumkaribisha anayekuja. Leo tumeshika neno « wa kwanza », deni tumelitupa.

Badala yake tukaokota hadithi za wageni. Speke, katika buku lake la 1863, aliona wafalme wa Maziwa Makuu, akakisia kwamba walitoka Ethiopia. Waliomfuata wakatunga wana wa Hamu, na mpaka leo utasikia kabila fulani ni Waisraeli waliopotea. Orodha ya Israeli yenyewe, tumeona, haikukaa mahali pamoja. Sisi tutajifunga kwayo namna gani?

Hatari yake Biblia haikuificha. Waamuzi 12: kwenye kivuko cha Yordani mtu aliambiwa atamke « Shibolethi ». Akisema « Sibolethi », anachinjwa. Kitabu kinahesabu 42.000 wa Efraimu, ndugu wa damu! Na katika Ezra sura 2, makuhani waliokosa maandishi ya ukoo wao walitolewa katika kazi. Sisi pia tumeona ukoo ukigeuka karatasi: sheria ya uraia ya 1981 ilidai kabila liwe nchini tangu tarehe 1 Agosti 1885, siku ambayo hakuna babu yetu aliyeijua, ile ya 2004 ikaleta kipimo kwenye uhuru wa 1960. Tarehe inasogezwa Kinshasa, na watu wanakufa Masisi na Rutshuru.

Sisemi ukoo ni uongo. Ukoo unalinda yatima, unakataza ndoa mbaya, unagawa shamba. Binti za Selofehadi, Hesabu 27, walipata urithi kwa sababu jina la baba lilikuwa na uzito. Ninachokataa ni kusoma majina bila kuuliza nani aliyaandika, na kwa faida gani. Kwa hiyo, walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika ukoo wake kwenye daftari, tusiishie kwenye « Nani alitangulia? » Tumtume kwa wazee aulize pia: waliotangulia walimkaribisha nani?