Mto Usiomeremeta: Kuzisoma Safari za Lualaba na Watahiniwa wa Kongo, Kawangware

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa mtihani, naomba tuanzie darasani. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu insha kuhusu safari waliyowahi kuifanya kupitia mahali penye mto. Wengi walitoka Kongo, mtaa ulioko Kawangware, Nairobi. Wachache walitoka Kibera.

Mmoja aliandika juu ya mto ambao maji yake yalimeremeta kama fedha, ndege wakitumbuiza na upepo ukibembeleza majani. Hakuutaja mto huo kwa jina, wala mji hata mmoja. Mwenzake aliandika jinsi alivyotoka Kongo kwa miguu kwa kukosa nauli, akavuka Barabara ya Ngong, akapitia soko la Toi na Makina, hadi Lindi, Kibera, kwa shangazi yake anayeishi karibu na mto Ngong. Alitaja bei ya mtungi wa maji. Aliwataja vijana waliomdai shilingi tano avuke daraja la mbao. Wa kwanza nilimpa alama 16 kati ya 20, wa pili 11. Chini ya insha ya huyu wa pili niliandika kwa wino mwekundu: "Ongeza mapambo ya lugha."

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba nilikosea, na kwamba kosa hilo linatokana na jinsi tunavyofundisha mandhari. Shahidi wangu ni mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa katika nathari ya Kiswahili, nayo inahusu Kongo ile nyingine, Kongo ya mto.

Matini na mwandishi wake

Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar katika miaka ya 1830 na kufariki huko mwaka 1905. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Uzeeni aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, baada ya kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode. Matini hayo yalichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyafasiri kwa Kiingereza, na toleo lenye lugha zote mbili likatolewa na East African Literature Bureau mwaka 1966.

Sehemu kubwa ya tawasifu hii inatokea katika bonde la Lualaba, yaani sehemu ya juu ya mto Kongo. Msomaji anapelekwa Nyangwe, mji wa soko ukingoni mwa mto. Kasongo, uliokuja kuwa makao ya msimulizi. Na mwishowe kwenye maporomoko ya Boyoma, ulipo mji wa Kisangani. Wazungu waliyaita maporomoko hayo Stanley Falls, na mji wenyewe uliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966.

Mandhari si pazia la jukwaa

Wanafunzi wetu hukariri kwamba mandhari ni mahali na wakati wa matukio. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Yakiachwa hivyo, mwanafunzi huona mandhari kama pazia lililochorwa na kutundikwa nyuma ya wahusika.

Msome Tippu Tip uone. Anapita katika nchi ambayo watalii wangelipia kuiona: mto mpana, msitu mkubwa, maporomoko saba yanayofuatana. Hata hivyo hakawii kusifia maji wala miti. Kwake mto ni njia, ni mpaka, ni gharama ya mitumbwi. Mji anautambulisha kwa mtawala wake, kwa bidhaa zake, na kwa umbali wake kutoka mji wa jana. Sentensi zake ni fupi, majina ya watu na mahali ni mengi, hesabu za mali hazikosekani. Mhakiki mwenye haraka atasema kuwa mwandishi hana ufundi wa kuchora taswira. Mimi nasema taswira ipo, ila imechorwa kwa majina na hesabu. Tunaiona nchi kama inavyoonwa na mtu anayepiga mahesabu ya pembe za ndovu. Kwa njia hiyo mandhari yanatufichulia mhusika kuliko sifa zozote ambazo angejipa mwenyewe.

Msimulizi wa nafsi ya kwanza

Jambo la pili ni uaminifu wa msimulizi. Tippu Tip anasimulia alivyofika kwa chifu Kasongo Rushie wa Utetera. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba wanawake wa ukoo wa chifu huyo walitekwa zamani. Akajidai kuwa yeye ni uzao wa mmoja wao. Mzee yule akamwamini, akamkabidhi utawala. Hapa pana kinaya cha kufundishia: msimulizi anayetutaka tuamini kila asemalo ndiye anayetueleza, bila haya, jinsi alivyowahadaa wenyeji wake. Msomaji makini atajiuliza: je, nami nimo miongoni mwa waliokaribishwa au waliohadaiwa?

Swali hilo linazidi uzito tukifika mwaka 1876, Tippu Tip alipokubali kumsindikiza Stanley sehemu ya safari ya kuteremka mto. Stanley alichapisha simulizi yake mwaka 1878, na humo yeye ndiye shujaa. Katika simulizi ya Tippu Tip, mzungu yule ni mteja aliyetoa ahadi nyingi za malipo na asizitimize. Safari ni moja, lakini mto una wenyewe wawili. Wanafunzi wakiuelewa mfano huu, hawatasahau maana ya mtazamo katika usimulizi.

Sauti zisizosikika

Hata hivyo tusimsifu Tippu Tip kupita kiasi. Uhakiki mzuri huuliza pia nani amenyimwa sauti. Wapagazi waliobeba pembe hizo hawasemi. Watumwa hawasemi. Wanawake wa sokoni hawasemi. Tunajua kutoka kwa Livingstone, aliyekuwa Nyangwe mwaka 1871, kwamba tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa msafara wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Habari hiyo nayo tumeipata kupitia kalamu ya mgeni.

Nalitaja hili kwa sababu walimu wa Kiswahili hupenda kuieleza safari ya lugha yetu hadi bara kwa fahari tupu. Ni kweli kwamba hadi leo Kiswahili kinasikika Kasongo, Kindu na Kisangani, nasi tunafurahi. Lakini kilifika mto ule katika msafara mmoja na minyororo. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo atakuwa amefundishwa nusu ya somo.

Nao wageni wengine hawakuwa afadhali. Joseph Conrad alisafiri mto Kongo mwaka 1890, kisha akaandika Heart of Darkness, riwaya ambayo haiutaji mto huo kwa jina na ambamo wenyeji takriban hawasemi. Chinua Achebe aliikosoa vikali katika mhadhara wa mwaka 1975. Linganisha: Tippu Tip anataja majina lakini hawapi watu nafasi ya kulalamika, Conrad anapamba giza la msitu na kuyafuta hata majina. Utaona kwamba mapambo ya lugha, yakikosa macho, huweza kuwa njia ya kutoona.

Turudi Kongo ya Kawangware

Sasa ipime upya ile insha ya alama 11. Ilikuwa na majina, kama ya Tippu Tip. Ilikuwa na bei, kama yake. Lakini ilimzidi kwa jambo moja: shangazi alisema. Alimwuliza mtoto kama amekula, kisha akampimia maji ya kunywa kutoka mtungi alioununua asubuhi. Mto Ngong ulipita hatua chache kutoka mlangoni, na maji yake hayanyweki. Mwandishi hakueleza kinaya hicho. Alikiweka tu mbele ya macho yetu. Wageni wengi wamefika Kibera na kamera na kuandika juu yake. Huyu aliandika kama mtu anayejua njia ya kurudi nyumbani.

Najua utaniuliza: je, mtahini hatafuti tashbihi, methali na nahau? Anazitafuta, na ni haki yake. Sisemi tuziache. Nasema kila pambo lilipiwe kwa jambo lililoonwa. Maji yakimeremeta kama fedha, mwanafunzi atuambie ni mto gani, saa ngapi, na nani alisimama ukingoni. Akishindwa, pambo hilo amelikopa katika kitabu cha insha bora.

Hitimisho

Fasihi ya safari si orodha ya vivutio. Ni ushahidi wa mtu aliyepita mahali pa watu wengine, na kazi ya msomaji ni kumhoji shahidi huyo: uliona nini, ulitafuta nini, nani hukumsikiliza? Yule mwanafunzi wangu alimaliza shule kabla sijajifunza kuuliza hivyo. Alama zake sikuwahi kuzirekebisha. Wewe, mwalimu, bado una insha mezani. Zisome tena kabla ya kuzirudisha.

Maswali ya kudurusu

1. "Mandhari humfichua mhusika." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea msimulizi wa safari yoyote uliyoisoma.
2. Eleza tofauti kati ya mwandishi na msimulizi katika tawasifu. Je, msimulizi anayekiri uongo wake anaaminika zaidi au kidogo?
3. Waulize wazee wawili wa mtaa wako asili ya jina lake, kisha uandike simulizi zao mbili bila kuchagua iliyo sahihi.
4. Andika insha juu ya safari ya kilomita zisizozidi tano. Taja angalau mahali patano kwa majina, na umpe nafasi ya kusema mtu mmoja uliyekutana naye njiani.