Ayari Asiye Shujaa: Mzaha wa Vibonzo na Msomaji wa Thika na Ruiru

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumtafuta mhusika asiye shujaa katika riwaya. Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, amechambuliwa mara nyingi. Vibonzo, ambavyo vimemlea mhusika wa aina hiyo mbele ya wasomaji wengi zaidi, vimeachiwa ukurasa wa burudani. Makala hii inapendekeza kazi tatu zinazostahili kuingia katika orodha ya usomi, na inazipima kwa swali moja: mzaha wa mhusika mkuu unamwangukia nani?

Thika na Ruiru ni mahali pafaapo kuulizia swali hilo. Miji hii ilikulia kati ya mashamba ya kahawa na viwanda. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, nyumba za kupangisha zimezidi kuchukua nafasi ya mibuni, na hesabu ya watu ya 2019 iliikuta Ruiru na wakazi wengi kuliko Thika. Msomaji anayezungumza Kikuyu nyumbani, Kiswahili kazini na Sheng ndani ya matatu hahitaji kuelezwa maana ya mtu anayeishi kwa ulimi wake.

Kazi ya kwanza ni Abunuwasi ya Gado (Godfrey Mwampembwa), iliyochapishwa na Sasa Sema jijini Nairobi mwaka 1996. Mhusika huyu ametokana na Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa enzi ya Harun al-Rashid, lakini pwani ya Afrika Mashariki ilikwisha kumfanya wake zamani. Mantiki ya mzaha wake hudhihirika katika hekaya mashuhuri ya sufuria: jirani akubalipo kwamba sufuria yake imezaa, kwa kuwa uzazi huo una faida kwake, hana budi kukubali baadaye kwamba imekufa. Abunuwasi hasemi uongo tu. Humfungia mwenye tamaa ndani ya uongo aliouridhia mwenyewe. Hapa mzaha unapanda juu, kwa tajiri na kwa sultani. Si ajabu kwamba hekaya hizi zilimvutia mchoraji ambaye tangu 1992 alikuwa akiwachora wanasiasa katika gazeti la Daily Nation.

Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa zaidi ya miaka hamsini, ana mwelekeo mwingine. Jina lenyewe ni hoja. Juha ni mjinga, na ndiye pia mcheshi wa ngano za Waarabu. Kalulu ni sungura katika Kichewa na lugha jirani, yule mjanja wa hadithi za wanyama. Mjinga na mjanja wamewekwa katika ngozi moja, na msomaji hajui ni nani atakayezungumza katika kisanduku kifuatacho. Tofauti na Abunuwasi, ujanja wa Kalulu humrudia mwenyewe. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba kicheko cha namna hiyo kinamfariji maskini badala ya kumwamsha. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau umbo: kibonzo cha kila siku hakina hitimisho. Kalulu aliyeshindwa leo hurejea kesho na mpango mpya, na urejeo huo ndio ukaidi wake.

Kazi ya tatu ni Shujaaz, jarida la bure lililoanza mwaka 2010, likasambazwa pamoja na gazeti na kupitia vibanda vya M-Pesa. Boyie, kijana aliyemaliza shule bila ajira na anayerusha matangazo ya redio kwa siri, ana ulimi mwepesi, na Sheng yake ni hai. Hata hivyo mzaha wake umepewa kazi ya kufunza: kilimo, fedha, afya. Ayari anapogeuka mshauri, hubaki na maneno ya ayari bila hatari yake. Jarida hili lisomwe kwa ajili ya lugha, na kwa ajili ya swali la nani anayelipia kicheko.

Ulinganisho na Deadpool, aliyebuniwa na Fabian Nicieza na Rob Liefeld mwaka 1991, unafaa hapa. Yeye pia hupiga domo vitani na kumsemesha msomaji moja kwa moja. Lakini mwili wake hujiponya. Anaweza kudhihaki kifo kwa sababu hakimpati. Kalulu hudhihaki njaa ilhali ana njaa. Kwa mizani hiyo, Mkenya ndiye aliye mbali zaidi na ushujaa, na ndiye mwenye ujasiri mkubwa zaidi.

Mwanafunzi aanze basi na Abunuwasi, ambayo ni kitabu kimoja kilichokamilika; aendelee na Juha Kalulu, asome miezi mfululizo wala si vipande; amalizie na Shujaaz. Idara za fasihi katika vyuo vilivyo kandokando ya barabara hiyo, kuanzia Kenyatta hadi Mount Kenya, zianze kukusanya nakala. Riwaya hupata rafu ya maktaba. Gazeti la jana hufungia nyama, na pamoja nalo hupotea ayari aliyesomwa na wengi kuliko Kazimoto.