"Changia damu, upime bure": bango linalomwita mtu asiyefaa

Bila shaka umewahi kuliona. Hema kwenye viwanja vya chuo, foleni ya vijana, soda na biskuti mezani, na juu maandishi makubwa: changia damu, upime afya yako bure. Mimi nililipita mara nyingi bila kuwaza. Siku hizi nikiliona nashtuka.

Tulitendee haki kwanza. Bango linavuta watu, na damu inahitajika kweli: mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali, majeruhi wa bodaboda. Halidanganyi pia. Damu inayochangiwa hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, vipimo vinne ambavyo Shirika la Afya Duniani linataka vifanyike kwa kila chupa.

Sasa jiulize: linamwita nani hasa? Chukulia kijana aliyefanya ngono bila kinga wiki iliyopita. Ana wasiwasi, na anaona aibu kuonekana kituo cha kupima VVU. Hapa amepewa njia rahisi: atapimwa, na bado ataonekana mwema. Kwa hiyo anapoulizwa maswali kabla ya kutolewa damu, ana kila sababu ya kuficha.

Mbona hilo ni tatizo wakati damu itapimwa? Kwa sababu hakuna kipimo kinachoona kirusi siku kilipoingia. Kipimo cha kingamwili za VVU huchukua wiki tatu hivi. Kinachotafuta na antijeni, wiki mbili hivi. Kinachotafuta vinasaba vya kirusi, siku 10 hivi. Kwa homa ya ini B, kipimo cha kawaida kinaweza kuchelewa zaidi ya mwezi. Hicho ndicho kipindi cha dirisha: majibu yanatoka safi, damu si safi. Na chupa moja inaweza kugawanywa chembe nyekundu, plazma na chembe sahani, yaani wagonjwa watatu. Anayewekewa damu yenye VVU ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 wa kuambukizwa.

Ndiyo maana ngao ya kwanza ya mgonjwa ni mchangiaji mkweli. Maabara inakuja baadaye. Bango linaitoboa ngao hiyo kwa mkono wake lenyewe.

Kasoro ya pili ni ukimya. Wenzangu wengi hukwepa hema wakiogopa kuambukizwa wanapotoa damu. Hofu hiyo ingejibiwa kwa mstari mmoja: sindano na mfuko ni vipya, hutumika kwako tu, kisha sindano hutupwa. Bango halisemi.

Utaniambia tukiondoa "bure" foleni itapungua. Inawezekana. Lakini sisemi watu wanyimwe majibu yao. Wapewe, pamoja na ushauri. Ninachopinga ni kuyafanya chambo.

Mimi ningeandika hivi: Una wasiwasi? Nenda kituo cha kupima, nako ni bure. Una afya na huna wasiwasi? Karibu uchangie, sindano ni mpya.

Wewe ukifika hemani, jibu maswali yale kwa ukweli. Na kama moyo unasita, ondoka tu. Utakuwa umemlinda mtu usiyemjua.