Kiwanda cha Lamu kwenye parsele ya Shari

Ndugu watatu wakigawana parsele moja hapa Shari, Bunia, kila mmoja hujenga katikati ya kipande chake: matofali ya kuchoma, bati, madirisha pande zote, na mita moja tu hadi ukuta wa jirani. Halafu madirisha hayo yanashinda yamefunikwa pazia, maana jirani anaona hadi kilichomo sufuriani. Saa saba mchana taa inawaka, umeme ukiwapo.

Watu wa Lamu, pwani ya Kenya, walilimaliza jambo hili zamani. Katika mji wao wa mawe, uliotiwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, kuta za nje karibu hazina madirisha. Mgeni hukaa kwanza barazani kwenye daka, mbele ya mlango. Akikaribishwa anaingia tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, anapinda kona, ndipo anatokea kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba. Kona hiyo ndiyo pazia lenyewe: mlango uachwe wazi kutwa, mpita njia ataona ukuta mweupe, basi.

Kiwanda hakina paa. Nyuma yake kuna misana, yaani kumbi zilizo wazi upande wa kiwanda, kisha ndani: vyumba virefu na vyembamba vilivyofuatana. Upana ni kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa boriti za mikoko hazibebi dari pana zaidi. Wembamba huo uliletwa na mti, lakini mwanga ukanufaika: unavuka chumba kabla haujachoka, na chokaa ya kuta inausukuma mbele. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo giza na faragha vinavyoongezeka. Mimi chumba cha mwisho kingenishinda, ila kwa kulala kinafaa.

Je, Bunia itawezekana? Jua linatupendelea. Tuko kama digrii moja na nusu kaskazini mwa Ikweta, hivyo saa sita mchana jua haliinami zaidi ya digrii 25 kutoka utosini, hata Desemba. Ukuta wa mita tatu hutoa kivuli cha mita 1.4 tu. Kiwanda cha mita tatu kwa tatu kitapata jua sakafuni mwaka mzima. Ulaya kingekuwa kisima.

Tatizo ni mvua. Ukielekeza bati nje, maji yanamwagikia jirani na kesi inafika kwa chefu wa avenue. Lielekeze ndani, lakini ukingo usizidi sentimita 60, la sivyo unakula anga. Weka mfereji wa bati, tanki pembeni, na bomba la kutolea maji chini ya sakafu kabla hujamwaga zege. Ukisahau hilo, utakuja kuivunja sakafu.

Ghorofa la jirani likiinuka, kiwanda kinakuwa televisheni yake. Hapo tandaza waya, upandishe marakuja, na ukubali kupoteza sehemu ya mwanga.