Nje ya Mlango: Msomi Mteule katika Kichwamaji na Entre les eaux

Riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi inaanza na kijana wa Chuo Kikuu aliye nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya, akisubiri kuitwa. Kazimoto amekuja kuomba kazi ya wakati wa likizo. Aliyemo ndani ni Manase, mwenzake wa utotoni, ambaye sasa ndiye mwenye cheo. Wahakiki wengi huupita mlango huo upesi ili wafike kwenye udhanaishi, ukanaji wa Mungu na kujiua. Makala haya yanarudi mlangoni, kwani hapo ndipo mtunzi anapouliza swali ambalo riwaya nzima inalibeba: mtu aliyeteuliwa miongoni mwa wengi, akafunzwa kwa jasho la wengi, ameteuliwa kwa ajili ya nani?

Swali hilo lina usuli wake, na sehemu kubwa ya usuli huo ni shule za Kanisa Katoliki. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alipitia seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alikaa kwa muda katika monasteri ya Wabenediktini ya Gihindamuyaga, Rwanda, kisha akasoma Lovanium na baadaye Louvain, Ubelgiji, alikopata udaktari mwaka 1970. Seminari huchuja. Huchukua mtoto mmoja katika kijiji, humtenga na wenziwe, humpa kengele, ratiba na Kilatini, na humwambia kuwa ameitwa. Hata akiacha njia ya upadri, kama walivyoiacha watunzi hawa wawili, neno hilo la kuitwa hubaki likimsikika masikioni.

Lovanium ilikuwa kilele cha mchujo huo kwa Kongo. Chuo hicho cha Kikatoliki kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima nje ya Leopoldville, sasa Kinshasa, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mkuu wake, Padri Luc Gillon, alitaka kisipungukiwe na chochote kilichopo Ulaya. Mwaka 1959 kikawa na tanuri la nyuklia, la kwanza barani Afrika, katika nchi ambayo wahitimu wake wa chuo kikuu wangeweza kuorodheshwa katika ukurasa mmoja. Tofauti hiyo haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa ndiyo maana ya chuo: kufikisha wachache mbali sana.

Katika desturi iliyotoka Ubelgiji, ubora wa mwanafunzi haukuhitaji programu ya pekee. Ulitamkwa kwa neno moja mwishoni mwa mwaka: satisfaction kwa aliyefaulu tu, distinction kwa aliyefika asilimia 70, grande distinction kwa asilimia 80. Upande wa Afrika ya Mashariki, ambako Makerere ilikuwa imefungamana na Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1949, shahada ya heshima iligawanywa kwa madaraja, na daraja la kwanza likawa ndoto ya kila mzazi. Maneno ni tofauti, mizani ni ileile. Kinachopimwa ni kichwa kimoja, mbele ya karatasi moja, kwa lugha ambayo si ya mama yake. Itakumbukwa pia kwamba lugha za Kiafrika hazikufukuzwa Lovanium. Zilikuwa na wataalamu wake. Lakini zilikuwa zikichunguzwa. Aliyezichunguza alijibu mtihani kwa Kifaransa.

Hapa ndipo Entre les eaux (1973) ya Mudimbe inapopaswa kusomwa upya. Msimulizi wake, Pierre Landu, ni padri Mwafrika aliyesoma Roma, ambaye anajiunga na waasi wa Kimarx msituni akiamini kwamba Injili na haki ya maskini ni njia moja. Waasi hawamwamini. Kanisa alilolihama linabaki ndani ya kila sentensi yake. Wapo wanaoilaumu riwaya hii kwa wingi wa vitabu vya Ulaya vinavyonong'ona ndani yake, kana kwamba mtunzi anajitangazia usomi wake. Lawama hiyo inakosea shabaha. Landu hana namna nyingine ya kufikiri. Hata hasira yake dhidi ya waliomfunza imepangwa kwa mantiki waliyomfunza. Anapowatazama wenzake wa msituni, anawaona kama mtu anayesahihisha insha. Mudimbe hamwonei huruma wala hamsimangi, na huo ndio ukali wa kitabu. Mwisho wa safari, Landu anaishia katika monasteri, yaani katika kuta zilezile, kwa jina jipya.

Riwaya hiyo ilitoka miaka miwili baada ya Lovanium kuzimwa. Tarehe 4 Juni 1969 askari walikuwa wamewafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana mjini Kinshasa. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha chuo hicho na vile vya Kisangani na Lubumbashi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya fasihi yakapelekwa Lubumbashi, Mudimbe akiwa miongoni mwa walimu. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna mtunzi wa tashtiti angethubutu kulibuni: mwaka 1975 Entre les eaux ilipewa Tuzo Kuu ya Kikatoliki ya Fasihi. Kitabu kinachoonyesha jinsi mteule anavyotengwa na watu wake kiliteuliwa. Mfumo ulimpa mwanawe grande distinction kwa kuueleza vizuri ugonjwa wake.

Kezilahabi naye hakuogopa kuonyesha nani anayelipia heshima hiyo. Rukia, dada yake Kazimoto, anapewa mimba na Manase, naye anakufa. Kazimoto anaapa kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, na anaishia kumwoa. Wasomi wawili wanagombana, na miili ya dada zao ndiyo uwanja wa ugomvi. Mtoto wa Kazimoto na Sabina anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kama yule wa Manase kabla yake. Jina la kitabu, ambalo mitaani ni tusi la mtu asiye na akili, linageuka kuwa jina la ugonjwa wa wale waliopewa akili nyingi kuliko wenzao. Ishara hiyo imesifiwa mno kwa ubunifu na haijasifiwa vya kutosha kwa haki yake: kichwa kimelishwa peke yake, mwili ukasahauliwa.

Hata hivyo kitabu kina kasoro, na si ndogo. Wanakijiji wa Kichwamaji mara nyingi huonekana kwa macho ya Kazimoto tu: wajinga, wenye husuda, wepesi wa kuamini uchawi. Mudimbe anatuwezesha kumwona Landu akiona vibaya. Kezilahabi hafanyi hivyo kila mara. Kuna kurasa ambapo mtunzi na mhusika wanatazama kijiji kutoka dirisha moja la bweni.

Lakini Kezilahabi aliandika kwa Kiswahili, na hiyo ni hoja ya kihakiki, si ya kizalendo. Mwaka 1970 Dar es Salaam ilianzisha Idara ya Kiswahili iliyofundisha kwa Kiswahili chenyewe. Yule aliyekuwa akichunguza sasa alijibu kwa lugha anayoichunguza. Kwa sababu hiyo Kazimoto anaweza kusomwa na nduguze Rukia. Landu hawezi kusomwa na waasi wake.

Tofauti hiyo isikuzwe kupita kiasi, hasa inapotazamwa kutoka Tshopo. Kijana aliyelelewa Opala, kando ya mto Lomami, huanza na Kimbole nyumbani na Kifaransa ubaoni. Akifika Kisangani hukuta Lingala na Kiswahili vikigawana masoko na mitaa. Kiswahili anachokisikia huko ni Kingwana, kilichosafiri na misafara na mitumbwi, chenye upatanisho wake wa ngeli na msamiati wake. Akikabidhiwa Kichwamaji darasani, atakutana na Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam, nacho kitamtaka kamusi. Atasahihishwa. Huenda akaambiwa kwamba lugha aliyojifunza sokoni ni mbovu, na kwamba alama ziko kwenye ile nyingine. Naye, kama Kazimoto katika ukurasa wa kwanza, atakuwa nje ya mlango wa mtu anayemfahamu, akisubiri kuitwa kwa jina.