Ukoga wa Sabuni kwenye Hodhi: Asidi Kwanza, Magadi Baadaye

Ukoga unaoganda kwenye hodhi la kuogea hubeba jasho, mafuta ya ngozi na vumbi, lakini kiini chake ni sabuni yenyewe, iliyobadilika. Sabuni ya kipande, iwe imepikwa kwa mawese, kwa nazi au kwa mafuta ya ng'ombe, ni chumvi ya sodiamu na asidi za mafuta, na chumvi hiyo huyeyuka majini. Ikikutana na maji yenye kalsiamu na magnesiamu, sodiamu hutoka na kalsiamu hushika nafasi yake. Kinachozaliwa ni kitu cheupe cha kijivu, chenye kunata, kisichoyeyuka kabisa katika maji, yawe ya moto au ya baridi.

Kwa hiyo ukubwa wa tatizo hutegemea maji kuliko usafi wa wenye nyumba. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini. Anayeyaoga Mwanza hupata povu jingi na ukoga kidogo. Pwani ni habari nyingine. Visima vingi vya Unguja na Mombasa vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na maji yake hukataa povu hata sabuni isuguliwe vipi. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yenye zaidi ya miligramu 180 za chokaa kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana.

Ukoga huelea juu ya maji. Muda wote mwogaji anapokuwa ndani, tabaka lake hugusa ukuta wa hodhi kwenye usawa uleule, na hapo ndipo mstari mzito hujichora. Maji yakishafunguliwa, matone yanayobaki hukauka na kuacha chokaa juu ya ukoga. Siku inayofuata ukoga mwingine hukaa juu ya chokaa hiyo. Hodhi lililopuuzwa kwa miezi kadhaa huwa na matabaka ya vitu viwili vyenye tabia tofauti, na dawa inayomaliza kimoja hukiacha kingine. Hapa ndipo wasafishaji wengi huishiwa nguvu wakidhani dawa yao ni dhaifu.

Kabla ya kumwaga chochote, doa hupimwa. Kucha ikipitishwa juu ya mstari na kukwangua kitu laini kinachojikunja chini yake kama nta, huo ni ukoga wa sabuni. Kucha ikiteleza juu ya kitu kigumu chenye chengachenga, tone la siki hutoa jibu: likichemka vipovu vidogo, hiyo ni chokaa. Rangi ya kahawia au ya machungwa chini ya bomba linalovuja ni kutu. Vitone vyeusi kwenye silikoni ya pembeni ni kuvu.

Hodhi nalo hupimwa. Sumaku ikishika, ni la chuma lililopakwa enameli, yaani tabaka la kioo lililochomwa tanuruni. Isiposhika, na ukuta ukawa na uvuguvugu mkononi na mlio mzito usiovuma unapogongwa, kwa kawaida ni la akriliki, aina ya plastiki. Terazo na marumaru hutambulika kwa macho, na ni muhimu yatambuliwe mapema, kwa sababu asidi inayoondoa chokaa ya doa huila pia chokaa ya jiwe. Kwa mahodhi ya aina hiyo siki na ndimu hazifai hata kidogo. Hubaki sabuni ya maji, maji ya moto na subira.

Kwa enameli na akriliki, kazi huanza kwa maji ya moto kiasi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Hatua hii huonekana ya bure, lakini mafuta ya ngozi na ya losheni yaliyotanda juu huizuia asidi isifike inapotakiwa. Hodhi likishasuuzwa, hufuata asidi: siki nyeupe ya dukani, ambayo mara nyingi ina asilimia 5 ya asidi, au vijiko viwili vya mezani vya unga wa asidi ya sitriki katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Maji ya ndimu au limau hufanya kazi ileile, ila hodhi zima lingehitaji kapu la ndimu.

Ugumu ni kwamba kuta za hodhi zimesimama. Siki iliyorushwa huteremka hadi kwenye tundu la maji machafu kabla haijafanya lolote. Ufumbuzi ni kuloweka vitambaa vya pamba au karatasi ya chooni, kuvibandika juu ya mstari vikiwa vimejaa siki, na kuvifunika kwa nailoni visikauke. Dakika 20 hutosha kwa doa la wastani. Kwa doa kongwe ni afadhali kurudia mara mbili au tatu kuliko kuacha usiku kucha, kwa maana asidi ikikaa sana hufifisha mng'ao wa enameli, hasa ya zamani, na mng'ao huo haurudi.

Vitambaa vikishaondolewa, chokaa huwa imeyeyuka, lakini ukuta bado unateleza. Wengi hukata tamaa hapa, ilhali kazi imefika katikati tu. Asidi imeing'oa kalsiamu kutoka kwenye ukoga na kuziacha asidi za mafuta zikiwa peke yake. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mafuta ya wanyama mwaka 1823, alizipata asidi hizo kwa njia hiyohiyo ya kutia asidi kwenye sabuni, na mojawapo, asidi ya steariki, ikawa malighafi ya mishumaa. Mabaki hayo hayaondoki kwa maji matupu wala kwa siki zaidi.

Kinachoyaondoa ni magadi. Baada ya siki kusuuzwa yote, kijiko kimoja cha magadi, yaleyale yanayolainisha maharage na makande, huyeyushwa katika lita moja ya maji ya moto kiasi na kupakwa kwa dodoki. Magadi yanayotoka Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania yana kabonati ya sodiamu, ambayo hurudisha sodiamu kwenye asidi za mafuta. Mafuta hugeuka tena kuwa sabuni inayoyeyuka, na povu jembamba huanza kuonekana mahali ambapo hakuna sabuni iliyotiwa. Glovu zinahitajika, kwa kuwa magadi hukausha ngozi. Hodhi husuuzwa haraka kwa maji mengi, ya mvua yakipatikana, kisha hupanguswa kwa kitambaa kikavu, maana maji magumu yakiachwa yakauke huanza kujenga ukoga upya saa ileile.

Mpangilio huu ndio unaoharibiwa na ule mtindo maarufu wa kuchanganya siki na magadi kwenye chombo kimoja. Mchanganyiko huchemka kwa kishindo na hupendeza macho, lakini povu hilo ni gesi ya kabonidioksidi inayotoroka huku asidi na magadi vikimalizana. Kinachobaki ni maji ya chumvi yasiyoweza chokaa wala mafuta.

Kutu huhitaji asidi ya sitriki iliyokolea zaidi, au asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu na haishikwi bila glovu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haisaidii kutu. Huweza hata kuikoleza. Kazi yake halisi ni kuvu. Itumike peke yake, madirisha yakiwa wazi, na kamwe isikutane na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Mchanga, jivu na waya wa kusugulia masufuria havina nafasi hapa. Akriliki huchubuka mara moja, na kila mchubuko huwa makao mapya ya ukoga. Kwenye enameli, waya huacha vijipande vya chuma vinavyoota kutu. Hodhi ambalo tayari limesuguliwa hivyo kwa miaka mingi huonekana chafu hata likiwa safi, kwa sababu kioo chake kimekwisha na chuma au weusi wa chini unachungulia. La namna hiyo halina dawa dukani. Ni la fundi wa kulipaka upya, au la kubadilishwa.